Neno Limepokelewa

Ukungu ulikuwa umeikalia Itekelo tangu alfajiri, mzito kama maziwa mgando, na Tupokigwe Mwaisumo alitembea kando ya barabara kuu kwa kusikiliza zaidi kuliko kuona. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkunga wa zahanati iliyo ng'ambo ya barabara ile, na miguu yake ilijua kivuko kilipo hata macho yasipojua.

Alisikia breki zikilia kwenye lami yenye maji. Halafu kishindo, halafu kengele ya baiskeli ikijipigia yenyewe chini.

Alipofika, watu kama kumi na wawili walikuwa wameshazunguka. Gari la chai, la yale yanayojiendesha bila dereva, lilikuwa limesimama, taa zake zikipepesa, na mbele yake alikuwa amelala Mzee Ambakisye, muuza ndizi, mikungu yake imetawanyika hadi mtaroni. Hakuna aliyesema kitu. Mwanamke mmoja alikuwa amevua kanga yake ya mabegani, ameikunja, ameiweka chini ya kichwa cha mzee. Mwingine, mrefu, alikuwa amemfunulia mwavuli. Mwanamume mmoja alikuwa amepiga magoti ameshika kiatu cha mzee kilichochomoka, anakipangusa tope kwa kiganja, polepole, kana kwamba ndiyo dawa. Mikono yote ilikuwa na huruma, na midomo yote ilikuwa imefungwa kama imeshonwa.

Juu yao ilisimama nguzo ya Shahidi, mtambo wa halmashauri wa kunasa ajali, ndefu kuliko mlingoti wa bendera, na macho yake matatu meupe na matundu mawili ya masikio.

Tupokigwe aliliona hilo. Alijua. Lakini magoti yake yalishagusa lami, na mkono wake ulishafika kwenye paji la mzee, na mdomo wa mkunga haungoji ruhusa.

"Pole, baba," alisema. "Pole sana."

Mwenye mwavuli alimfinya bega, lakini alikuwa amechelewa. Mzee Ambakisye alifumbua macho, akamtambua, akajibu kama alivyolelewa.

"Asante, mwanangu. Nimeshapoa." Mguu wake wa kulia ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

"Neno limepokelewa," ilisema nguzo kwa sauti tulivu ya kike. "Neno limethibitishwa na aliyeumia."

Bangili ya Tupokigwe, iliyokuwa na mwanga wa kijani kama bangili ya kila mtu mjini, ikageuka nyekundu.

"Umejimaliza, nesi," alinong'ona mwenye mwavuli.

"Nitajimaliza baadaye. Sasa nahitaji kitu kirefu kigumu nifunge mguu huu."

Yule mwanamke aliufunga mwavuli wake, akaukunja vizuri, akampa.

*

Kesho yake kivuko hakikumfungukia.

Alikaribia kama siku zote. Kizuizi, ule mti mrefu wa chuma wenye mistari myekundu na myeupe, kiliisoma bangili yake na kubaki kimelala. Alirudi nyuma hatua mbili, akasogea tena. Kikabaki kimelala. Nyuma yake walipita wachuma chai wawili, kikainuka, wakavuka, kikashuka mbele ya pua yake. Mmoja wao aligeuka akamwangalia, akafungua mdomo, akaona nguzo, akaufunga. Aliishia kumpungia mkono kifuani, kama mtu anayepangusa vumbi.

Adhabu ilikuwa imeandikwa kwenye bangili kwa herufi ndogo: kufungiwa barabara miezi mitatu, kwa kukiri kusababisha ajali. Atakayepita chini ya kizuizi, king'ora kitalia, magari yote ya nusu kilomita yatasimama, na mwezi mmoja utaongezwa.

"Mama!" Sekela, nesi mwenzake, alikuwa amesimama ng'ambo ya pili, mikono kinywani. "Subila amekuja kupimwa! Mtoto bado ametanguliza makalio!"

"Umempima mwenyewe?"

"Mara mbili! Mama, mimi wa makalio sijawahi kumtoa peke yangu!"

"Wiki ngapi?"

"Thelathini na nane!"

Hospitali ya wilaya ilikuwa mwendo wa saa tatu, na kwa ukungu ule saa tano. Kuzalisha nyumbani kulishapigwa marufuku. Vifaa vyote vilikuwa ng'ambo. Tupokigwe alisimama pale, kati yake na kazi yake kukiwa na hatua kumi na nane. Alikuwa amewahi kuzihesabu siku moja akiwa na furaha.

Mchana alikuja Mhandisi Lugano wa halmashauri, kwa miguu, na viatu mkononi ili asimchafulie sakafu. Tupokigwe aliyaona hayo na akamtilia chai kwa ajili ya hayo, siyo kwa ajili ya cheo chake.

"Mama, nimekuja na karatasi," alisema. "Inaitwa Tamko la Kufuta Neno. Unatamka mbele ya kamati, 'Nafuta neno langu,' bangili inarudi kijani hapohapo. Ni maneno matatu tu."

"Nafuta neno gani?"

"Lile la kukiri."

"Sikukiri chochote. Nilimpa mzee wa watu pole."

Lugano alizungusha kikombe. "Ndiyo lenyewe."

"Hebu nieleze, baba. Taratibu. Mimi si mtu wa mitambo."

Akamweleza. Shahidi alipoletwa miaka sita iliyopita alikuwa na macho tu, na macho yalifanya kazi. Mwaka uliotangulia watu arobaini na mmoja walikufa kwenye barabara ile. Mwaka uliofuata walikufa tisa. Hakuna dereva aliyeweza tena kugonga na kutoroka. Tupokigwe aliitikia kwa kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mkutano wa hadhara kuziombea nguzo zile, kwa kuwa mume wake aliuawa palepale na lori ambalo hadi leo hakuna aliyelijua.

"Lakini ukungu, Mama. Siku mia moja na ishirini kwa mwaka macho hayaoni kitu. Kwa hiyo masika haya tukaongeza masikio. Masikio yanasikiliza watu wanasema nini baada ya ajali. Yalifundishwa huko ughaibuni. Waliotengeneza walichukua neno lao la kuomba msamaha, wakatafuta Kiswahili chake kwenye kamusi. Wakakuta 'samahani.' Wakakuta na 'pole.'"

"Samahani ni ya mkosaji," alisema Tupokigwe. "Pole ni ya aliyeumia. Mtoto wa miaka miwili anajua."

"Najua, Mama."

"Unajua? Tangu lini?"

"Wiki ya pili."

Tupokigwe aliweka birika chini. Tangu masika yaanze mji mzima ulikuwa umejifunza ububu. Watu wanaanguka sokoni wenzao wanawatazama. Watoto wanabanwa vidole na mlango, mama zao wanachungulia kwanza dirishani nguzo iko umbali gani. Na huyu mtu mzuri, aliyevua viatu mlangoni, alijua tangu wiki ya pili.

"Na mkanyamaza."

"Hukumu mia tatu na kumi na mbili zimetolewa kwa masikio," alisema Lugano. "Tukisema 'pole' si kukiri, zote zinaanguka. Na humo wamo wakosaji wa kweli. Unamkumbuka Mwalimu Neema?"

Nani asiyemkumbuka. Tupokigwe alikuwa amemzalisha mara tatu.

"Dereva wa lori la mbao aliyemgonga, macho hayakumwona. Ukungu. Tunacho alichosema tu, kapiga magoti pembeni yake. 'Pole, mwalimu, pole, nilisinzia.' Nguzo imehesabu 'pole' mbili tu. Tukiifuta, kesho yuko barabarani na lori lake. Nenda kamwambie mume wa Neema."

Tupokigwe aliona jinsi jambo lilivyokaa, na halikuwa jambo jepesi, na hakumchukia kijana wa watu kwa kulibeba.

"Sitafuta," alisema. "La huyo dereva sijalipatia jibu, nakwambia kweli. Lakini nikifuta, nimesema kwamba sikumhurumia Mzee Ambakisye. Na nilimhurumia. Rudi na karatasi yako."

"Na Subila?"

"Usimtumie Subila kunipiga, Lugano. Kunywa chai yako."

Akanywa. Alipokuwa akivaa viatu alisema kikao cha kamati kimesogezwa hadi Alhamisi, kwa kuwa Mwenyekiti amefiwa na mama yake.

"Bibi Tabu? Maskini! Watu wamekwenda kumpa pole?"

Lugano alifunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena.

"Watu wamekwenda," alisema. Nyumba ya Mwenyekiti ilikuwa barabarani, na nguzo mlangoni.

*

Alhamisi saa nne asubuhi, Tupokigwe akiwa kwenye ngazi za ukumbi wa halmashauri, Sekela alimpigia simu.

"Ameanza, Mama. Uchungu tangu alfajiri. Njia sentimita nne."

"Kwa uzao wa kwanza una saa kadhaa. Mtembeze. Usimlaze chali."

"Mama, naomba uje. Sema hayo maneno matatu uje. Nakuomba kama mama yangu."

Tupokigwe alisimama kwenye ngazi ile na ubishi wake wote ukamtoka. Ni rahisi kukataa karatasi mezani kwako, chai ikiwa ya moto. Kukataa mtoto akiwa njiani ni kitu kingine. Aliamua pale pale, akamjulisha Lugano mlangoni. Angelifuta. Angelilia baadaye, nyumbani, lakini angelifuta.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kwenye kona ilisimama nguzo fupi ya Shahidi, ya kuandikia kumbukumbu za kikao, masikio yake wazi. Mzee Ambakisye alikuwa benchi la mbele, mguu umefungwa plasta, mkongojo mapajani. Walianza na yeye.

"Mzee," alisema katibu wa kamati, mtu mwembamba mwenye haraka, "mshtakiwa alipokwambia neno lile, ulijibu 'asante'?"

"Nilijibu."

"Kama hakukukosea, ulimwambia asante ya nini?"

"Nilifundwa adabu, mwanangu. Wewe mama yako hakukufunda?"

Kicheko kikapita mabenchi ya nyuma. Katibu akagonga meza.

"Na ukasema umeshapoa."

"Nikasema."

"Ulikuwa umepoa?"

"Mguu ulikuwa vipande vitatu! Hivi wewe unaishi wapi?"

Safari hii walicheka hadi madiwani. Mwenyekiti Mwangomo hakucheka. Alikuwa mtu mnene, mpole, wa miaka sitini, ameketi katikati ya meza ndefu na kitambaa cheusi kimebanwa kwa pini kifuani. Macho yake yalikuwa na wekundu wa mtu asiyelala. Alikuwa amekaa siku nne kwenye mkeka msibani, watu wameingia, wamekula, wamemshika mkono kwa mikono miwili, wameondoka. Hakuna aliyefungua mdomo.

"Bi. Tupokigwe Mwaisumo," aliita katibu. "Simama mbele. Tumeambiwa utafuta neno. Taja jina lako, tamka, uende. Tunajua una mgonjwa."

Alisimama mbele. Alikuwa na maneno matatu mdomoni, ameshayapanga. Akainua uso kumwelekea Mwenyekiti, maana huwezi kusema na mtu bila kumtazama, akaona kile kitambaa cheusi. Akaona kwamba pini yake ilibanwa vibaya, kama inavyobanwa na mtu aliyejibania mwenyewe.

"Mheshimiwa," alisema, "kwanza pole kwa msiba wa mama."

"Neno limepokelewa," ilisema nguzo. "Kifo: Tabu Mwangomo, miaka tisini na mmoja. Inasubiriwa kauli ya mhusika."

Tupokigwe alifumba macho. Hakukusudia. Alikuja kufuta neno moja na sasa alikuwa na mawili. Alingoja aibu imjie, na haikuja. Kilichokuja kilikuwa hasira, na alipofumbua macho yale maneno matatu hayakuwepo tena mdomoni.

"Mheshimiwa, usijibu," alisema katibu haraka. "Ukijibu tu, inathibitisha. Nyamaza, muda utapita, itajifuta yenyewe."

Mwenyekiti alinyamaza. Alikishika kile kitambaa kifuani.

"Nimekupa pole, baba," alisema Tupokigwe. Hakupaza sauti. "Mama yako alikaa kwenye benchi la zahanati yangu kila Jumatano, akiwagawia wajawazito karanga zake. Mwenye msiba akipewa pole, anajibu. Kama mama huyo hakuwa wa kusikitikiwa, nyamaza."

"Huu ni utovu wa nidhamu!"

"Wewe katibu nyamaza," alisema Mzee Ambakisye, "wakubwa wanaongea."

Mwenyekiti aliinuka. Kiti kilikwaruza sakafu. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili na kusema, sauti ikikatika katikati, "Asante, mama. Asante sana. Nimeshapoa." Na machozi yakamshuka, ya kwanza tangu msiba uanze, mbele ya kamati nzima.

"Neno limethibitishwa," ilisema nguzo. "Tupokigwe Mwaisumo amekiri kusababisha kifo cha Tabu Mwangomo."

"Kumbe bibi alikufa kitandani kwa kugongwa!" alisema Mzee Ambakisye.

Katibu alikuwa ameshika kalamu hewani. "Mheshimiwa, niandike nini?"

"Andika ilivyosema," alisema Mwenyekiti, akijifuta uso kwa kiganja. "Neno kwa neno. Tusome wenyewe tuone tunafananaje."

"Na hukumu zile?" alisema Lugano. Alikuwa amesimama karibu na mlango, na alionekana kama mtu aliyeshusha mzigo na bado anauogopa. "Mia tatu na kumi na mbili? Dereva wa Mwalimu Neema?"

Tupokigwe alimgeukia. Jibu lilikuwa limekuja, na lilikuwa dogo kiasi kwamba alishangaa siku zote hizi lilikuwa wapi.

"Yule dereva alisema pole, halafu akasema nini?"

"Nilisinzia."

"Basi mfungieni usingizi wake. Pole yake muacheni nayo, ndiyo kitu pekee chema alichofanya siku hiyo. Kaeni msikilize yote mia tatu na kumi na mbili, moja moja, kwa masikio haya ya nyama. Mkichoka niiteni nisaidie."

"Itachukua miezi," alisema katibu.

"Mimi mmenipa mitatu. Nina nafasi."

Hakuna aliyejua kikao kiendelee vipi. Yule mwanamke mrefu wa mwavuli aliinuka kutoka benchi la nne. Alipita katikati ya ukumbi hadi kwenye meza, akamshika Mwenyekiti mkono.

"Pole, kaka. Nilikuja juzi nikashindwa kusema. Nilikaa kwako saa tatu nikaosha vyombo tu."

"Nilikuona. Asante, dada. Nimeshapoa."

"Neno limepokelewa. Neno limethibitishwa." Bangili nyekundu.

Nyuma yake alikuja mwanamume, halafu wanawake wawili kwa pamoja, halafu benchi zima. Walijipanga bila kuambiwa, kama watu wanavyojipanga msibani, na kila mmoja alisema alichokibana kwa siku nne, na Mwenyekiti alimjibu kila mmoja, na nguzo ikapokea na kuthibitisha hadi sauti yake ikaanza kuachwa nyuma na foleni. Madiwani wawili waliinuka. Lugano aliingia foleni wa mwisho. Ilipofika saa tano na nusu, kwa mujibu wa kumbukumbu halali za halmashauri, bibi wa miaka tisini na mmoja aliyefariki usingizini alikuwa ameuawa na watu sitini na wanne.

Simu ya Tupokigwe ikalia.

"Sita, Mama," alisema Sekela, na nyuma yake sauti ya Subila ilikuwa inapanda. "Inakwenda haraka. Naona haitangoja."

Alitoka mbio, kadiri goti lake lilivyokubali, na waliokuwa ukumbini wakatoka naye. Ukungu ulikuwa umepungua. Magari ya chai yalikuwa yakipita moja baada ya jingine. Walipofika kivukoni, kizuizi kilisoma bangili nyekundu zile zote, za kijani zikiwa mbili tatu tu, na kulala kimya kama kimezikwa pale.

"Hakitainuka," alisema Lugano, akitweta. "Na kikilazimishwa, magari yatasimama, king'ora kitalia mji mzima, na kila mmoja wetu mwezi juu ya—"

"Kilie," alisema Mwenyekiti.

Alivua koti, akampa Mzee Ambakisye aliyekuwa amefika akichechemea kwa mkongojo, akaweka bega lake nene chini ya chuma. Mwenye mwavuli akaingia upande wa pili. Wakakiinua. King'ora kikalia, na magari ya chai yakasimama kushoto na kulia, taa zikipepesa, mstari mrefu hadi ukungu ulipoanzia.

Tupokigwe alikuwa ameshapita. Alikwenda katikati ya lami akikunja mikono ya gauni hadi viwikoni, na ili asikike juu ya king'ora alimpigia kelele Sekela aliyesimama mlango wa zahanati.

"Ngapi sasa?"

"Nane!"

"Mwambie asisukume! Mwambie nimeshafika!"